Blenda ya Instagram kwa nusu ya bei: nitume hela au nisitume?

Swali la msomaji: Habari wataalamu. Niko Mwanza, nauza juisi ya matunda karibu na stendi ya Nyegezi. Blenda yangu imeungua. Nimeona ukurasa wa Instagram wa watu wanaosema wako Kariakoo, wanauza blenda ya biashara ya lita 2, wati 6,500, kwa sh. 140,000. Huku madukani naambiwa kati ya 260,000 na 300,000. Wanataka nitume hela yote ndipo wapeleke mzigo kwenye basi. Namba waliyonipa inaleta jina la mtu mwingine, wanasema ni la mhasibu wao. Mdogo wangu ananishauri niagize mwenyewe China, eti huko ni dola 50 tu. Nifanye lipi?

Jibu:

Usitume hela hiyo, dada yangu. Si yote, wala nusu.

Sisemi kwamba kila anayeuza Instagram ni tapeli. Biashara nyingi halali za Kariakoo leo zinapata wateja Instagram na WhatsApp, na wa mikoani wanapokea mizigo yao salama kila siku. Tatizo liko kwenye njia ya malipo. Soko la mtandaoni lenye utaratibu huwa na mtu wa kati anayeshika pesa mpaka mzigo umfikie mnunuzi. Jumia ilikuwa ikifanya hivyo hapa kwetu, na wengi walilipia mlangoni, lakini ilifunga shughuli zake Tanzania Novemba 2019. Kinachobaki kwa wanunuzi wengi ni kumtumia muuzaji moja kwa moja: pesa inatoka kwako na kuingia kwake papo hapo, na mzigo ukiwa njiani wewe huna kitu mkononi zaidi ya ahadi. Basi kabla hujauliza bei, uliza hivi: mzigo ukiwa haujafika, pesa imeshikwa na nani? Kwa ofa uliyopewa, imeshikwa yote na mtu usiyemjua.

Sasa tuitazame ofa yenyewe, maana ina dalili tatu zinazojitosheleza.

Ya kwanza ni hizo wati 6,500. Plagi ya pini tatu tunayotumia Tanzania huwa na fyuzi isiyozidi ampea 13, na umeme wetu ni volti 230. Zidisha 13 kwa 230 unapata wati 2,990. Kifaa chochote kinachochomekwa kwenye soketi ya kawaida ya ukutani hakiwezi kula zaidi ya hapo kwa muda mrefu bila fyuzi kukatika. Kwa hiyo blenda ya wati 6,500 yenye plagi ya kawaida ni namba iliyobandikwa kwenye boksi ili ionekane kubwa. Mwombe muuzaji apige picha ya kibandiko kilicho chini ya mota, chenye volti, hezi na wati. Blenda ya kusaga matunda na barafu kwa biashara ndogo inatosha kabisa ikiwa na wati halisi 1,500 hadi 2,000. Uangalie pia muda wa kuzunguka mfululizo: blenda nyingi za nyumbani zinatakiwa kupumzishwa baada ya dakika moja au mbili, na mwenye kuuza juisi asiyelijua hilo huunguza mota ndani ya wiki chache. Huenda ndivyo ilivyokufa yako ya zamani.

Ya pili ni jina. Unapoingiza namba kwenye menyu ya pesa za simu, jina la mwenye laini hujitokeza kabla hujaweka namba ya siri. Hapo ndipo mahali pa kusimama. Andika namba, andika kiasi, soma jina, na kama silo ulilotarajia, toka bila kuingiza namba ya siri, hujatozwa chochote. Maelezo ya "mhasibu wetu", "namba ya bosi" au "laini yetu ina shida leo" ni ndugu wa damu wa ule ujumbe tunaoujua wote, "ile hela tuma kwenye namba hii." Duka linalofanya biashara kweli lina Lipa Namba, yaani namba ya kupokelea malipo ya biashara, na ukiiingiza linakuja jina la biashara. Hata Lipa Namba si dhamana ya uaminifu, kwa sababu tapeli naye anaweza kusajili moja, lakini jina lililosajiliwa ukilipata unaweza kulilinganisha na jina la ukurasa, na kulitafuta kwenye mfumo wa mtandaoni wa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kuona kama jina hilo la biashara au kampuni lipo kweli.

Na usidanganywe na hoja kwamba "laini imesajiliwa kwa alama za vidole, kwa hiyo nitapatikana." Usajili wa vidole ulianza kuwa lazima mwaka 2020, ni kweli, lakini matapeli hutumia laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho cha mtu asiyejua chochote, mara nyingi aliyeambiwa na wakala barabarani aweke kidole mara mbili mbili. Jina linaonyesha aliyesajiliwa. Halionyeshi aliyeishika simu. Wewe mwenyewe piga *106# uone ni laini ngapi ziko chini ya namba yako ya kitambulisho cha taifa (NIDA). Ukikuta usiyoitambua, nenda duka la mtandao husika ukaifute.

Ya tatu ni bei. Nusu ya bei ya soko kwa kifaa kipya haina maelezo ya kibiashara. Muuzaji wa Kariakoo na yule wa Mwanza wanachukua mzigo kwa waagizaji walewale, wanalipa ushuru uleule. Tofauti ya elfu 20 au 40 kati ya Dar na Mwanza inaeleweka, hiyo ni nauli na faida ya mtu wa pili. Tofauti ya 120,000 haieleweki, isipokuwa kifaa ni kibovu, ni cha mtumba, au hakipo.

Ukurasa wenyewe unakaguliwa kwa dakika kumi. Gusa nukta tatu zilizo juu ya wasifu wa Instagram, ufungue sehemu ya kuhusu akaunti: utaona imefunguliwa lini, iko nchi gani, na imewahi kubadilisha jina mara ngapi. Akaunti yenye wafuasi elfu themanini iliyobadilisha jina mara tano kwa kawaida imenunuliwa. Wafuasi walikuwa wa ukurasa wa vichekesho au wa nguo. Kisha angalia picha ambazo wateja wameutagi ukurasa huo, si zile zilizopostiwa na muuzaji. Duka lililouza kwa miaka miwili lina wateja waliolitaja, wengine wakishukuru, wengine wakilalamika. Malalamiko machache yaliyojibiwa vizuri yananipa imani kuliko ukurasa uliofunga sehemu ya maoni. Chukua picha ya blenda uiweke kwenye Google Lens. Ikitokea kwenye kurasa ishirini za nchi mbalimbali, muuzaji hajaigusa blenda hiyo.

Picha za ushuhuda wa malipo na mazungumzo ya WhatsApp ya "asante mzigo umefika" usizipe uzito wowote. Zinatengenezwa kwa simu ndani ya dakika tano.

Kipimo kinachowashinda matapeli wengi ni simu ya video. Mwambie muuzaji akupigie akiwa dukani, aandike jina lako na tarehe ya leo kwenye karatasi, aiweke juu ya blenda, aichomeke na kuiwasha. Halafu atoke nje ya fremu ya duka akuonyeshe mtaa na bango la duka. Mwenye duka kweli hufanya hivyo ndani ya dakika mbili, hata kwa kununa. Asiye na duka atakuwa na dharura.

Akifaulu yote hayo, bado usitume hela yote. Kama una ndugu au jirani Dar, mtume aende fremu ile ile, aiwashe, alipe kwa Lipa Namba ya duka na achukue risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Mlipe nauli na elfu kumi ya usumbufu. Hakuna bima rahisi kuliko hiyo. Risiti ya EFD ina msimbo wa kuskani unaofungua taarifa zake kwenye mfumo wa TRA, mamlaka ya mapato, na hapo utaona kama jina na kiasi vinalingana. Bila risiti hiyo, siku ukienda kulalamika Tume ya Ushindani, au hata kudai dhamana tu, utakuwa na maneno matupu.

Kama huna mtu Dar, kubaliana na muuzaji alipwe sehemu ndogo, tuseme gharama ya kufungasha na nauli ya basi, na iliyobaki alipwe mzigo ukishafika Mwanza na umeufungua. Wauzaji wenye wateja wa kudumu mikoani wanakubali mpango huu kwa mizigo ya bei hii. Wanaokataa wana haki yao, nao wamewahi kuachiwa mizigo stendi. Hapo nenda kwa mwingine, usibishane.

Hapa kwenye basi kuna ujanja wake. Tapeli hukutumia picha ya risiti ya ofisi ya mizigo, yenye jina la basi na namba ya gari, ili umalizie hela. Usipige namba iliyoandikwa kwenye picha hiyo. Nenda mwenyewe ofisi ya basi hilo pale Nyegezi, waonyeshe namba ya mzigo, waulize wenzao wa Dar kama umepokelewa na una jina la nani. Ukiupata, fungua boksi mbele ya karani kabla hujatoka, huku mtu akikurekodi bila kukata: lebo ya nje, mkanda ukikatwa, kilichomo. Wapo waliopokea boksi zuri lenye matofali, na bila video iliyoanzia kwenye lebo huwezi kuthibitisha kwamba hukuyatia wewe.

Sasa gharama za kando, maana hata kwa muuzaji mwaminifu bei ya, tuseme, sh. 220,000 haibaki 220,000. Kuna ada ya kutuma, na akitaka utume kwenye namba ya kawaida atakuambia "weka na ya kutolea". Lipa Namba inakuondolea hiyo ya kutolea. Kuna kufungasha, kuna bodaboda ya kutoka Kariakoo hadi kwenye basi, kuna nauli ya mzigo, na kuna bodaboda ya kutoka stendi hadi kwako. Kurasa nyingi huficha hata bei yenyewe kwa "bei njoo DM", na ukifika huko unapewa bei kulingana na unavyoonekana. Mwandikie sentensi moja tu: "Nipe jumla ya mwisho, mzigo ukiwa Mwanza, na dhamana ni ya muda gani, na ikiharibika nauli ya kurudisha analipa nani." Jibu la swali la mwisho ndilo litakuonyesha thamani ya hiyo "waranti mwaka mmoja". Dhamana inayokutaka ulipe nauli kwenda na kurudi Dar kila mota inaponuka ni dhamana ya karatasi. Pia kuanzia mwaka 2025 kanuni zinakataza bei za bidhaa za ndani ya nchi kutangazwa kwa fedha za kigeni, kwa hiyo wa Kariakoo anayekutajia dola ili "rate" ipande akikuona, mwambie akupe shilingi.

Turudi kwa mdogo wako na dola zake 50. Bei hiyo ni ya kweli, lakini ni ya blenda ikiwa bado China. Thamani ya forodha huhesabiwa kwa kujumlisha bei ya bidhaa, usafiri na bima. Tuseme blenda ni dola 50 na usafiri ni dola 70; tunapata 120, bima tukiiacha kando. Vifaa vingi vya nyumbani vilivyokamilika huangukia ushuru wa forodha wa 25% katika Afrika Mashariki: hizo ni dola 30. VAT ya 18% haipigwi kwenye 50, inapigwa kwenye 120 pamoja na ushuru, yaani 150: dola 27. Umefika dola 177. Bado kuna tozo ndogo ndogo za forodha na za reli, na ada ya kampuni ya usafirishaji kwa kukulipia ushuru kwanza. Linganisha hiyo na bei ya dukani Mwanza, ambako unaiwasha kabla ya kulipa.

Usafiri wenyewe una mtego ambao wengi hawaujui mpaka ankara ije. Ndege hailipishwi kwa kilo za mzani peke yake. Hupimwa urefu, upana na kimo cha boksi kwa sentimita, vikazidishwa, kisha vikagawanywa kwa 5,000 kwa kampuni za usafirishaji wa haraka, au 6,000 kwa shehena ya kawaida ya ndege. Ikizidi mzani, unalipia hiyo. Boksi la blenda la 50 kwa 40 kwa 30 linatoa 60,000. Gawa kwa 5,000, ni kilo 12, hata kama mzani unasema 6. Mawakala wa Kariakoo wanaosafirisha kutoka Guangzhou kwa meli hutoza kwa CBM, yaani mita za ujazo, na boksi hilo hilo ni CBM 0.06. Hapo ni nafuu sana, ila waulize mambo matatu kwa maandishi: kiwango cha chini cha kutozwa ni kipi, bei inajumuisha ushuru au la, na mzigo ukipotea wanalipa kiasi gani. Usafiri wa baharini una maana mkiwa watu kadhaa mnaoagiza pamoja. Kwa blenda moja, na wewe biashara imesimama, sikushauri.

Ukiagiza hata hivyo siku nyingine, soma umeme kwanza. Uchina hutumia volti 220 na hezi 50, inaingiliana na yetu, unabadilisha plagi tu. Kifaa cha soko la Marekani ni volti 110 hadi 120. Ukikichomeka hapa kinakufa siku hiyo hiyo, na transfoma ya kukishushia umeme inaweza kuzidi bei ya blenda.

Kulipia nje tumia kadi ya mtandaoni inayotengenezwa ndani ya programu za pesa za simu, uweke kiasi cha ununuzi huo tu. Tovuti ikitaka kukukata tena, au ukiwa umeingia bila kujua kwenye "jaribio la bure la siku 7" linalogeuka malipo ya kila mwezi, inakuta kadi tupu. Ukurasa wa mwisho wa malipo usome polepole: visanduku vya bima na uanachama mara nyingi vimeshawekewa alama kabla hujafika. Kwenye AliExpress pesa hushikiliwa mpaka uthibitishe kupokea, kwa hiyo muuzaji akikubembeleza uthibitishe mapema "ili mzigo utoke haraka", anakuomba uvue kinga yako. Kwenye Alibaba vivyo hivyo, anayekuvuta ulipe nje ya mfumo kwa kukupunguzia kidogo amekutoa kwenye ulinzi wote. Na kufuli dogo kwenye anwani ya tovuti linaonyesha tu kwamba mawasiliano yamefichwa njiani. Tovuti ya wizi nayo ina kufuli. Soma anwani ukianzia kulia: kinachotangulia .com au .shop moja kwa moja ndicho jina la mwenye tovuti, yaliyo kushoto zaidi kila mtu anaweza kuyaandika apendavyo.

Baada ya kuagiza jiandae na ujumbe wa "mzigo wako umezuiliwa forodhani, lipia 85,000 kwenye namba hii". Hutumwa ovyo kwa maelfu ya watu, na unampata aliyeagiza kweli. Malipo ya serikali hulipwa kwa kontrol namba, yenye tarakimu 12 zinazoanza na 99, na jina la taasisi hutokea kabla ya kuthibitisha. Kodi haitumwi kwenye laini ya mtu.

Mwisho, kama wakati unasoma hapa umeshatuma, acha kumpigia muuzaji na piga 100 ya mtandao wako sasa hivi. Kumwambia tapeli umemgundua kunamkumbusha kutoa hela. Mtoa huduma anaweza kuizuia ikiwa bado imo kwenye akaunti ya aliyepokea. Ikishatolewa kwa wakala, kuirudisha ni kazi ya polisi. Kwa hiyo dakika ndizo zinazoamua. Uwe na namba ya muamala kwenye ule ujumbe wa uthibitisho, usiufute. Piga picha za skrini za ukurasa, mazungumzo na jina la akaunti kabla hujazuiwa. Nenda kituo cha polisi ukafungue RB, yaani namba ya kumbukumbu ya taarifa yako, maana mtandao wa simu hautoi taarifa za mteja wake kwako, unazitoa kwa polisi. Kosa lenyewe linaangukia Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Kisha ripoti namba ya tapeli kwa kutuma ujumbe kwenda 15040 ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ili ifungiwe. Kama ulilipa kwa kadi, piga benki iliyoitoa: Visa na Mastercard kwa kawaida huruhusu kupinga malipo ndani ya siku 120 kwa bidhaa isiyofika, ila usisubiri.

Halafu atakuja mwingine, siku mbili tatu baadaye, akisema yuko kitengo cha kurejesha pesa na anahitaji ada kidogo au namba ya siri uliyotumiwa. Mara nyingi ni kundi lile lile, linajua kiasi ulichoibiwa mpaka shilingi. Mtandao wa simu, polisi na benki hawaombi namba yako ya siri, wala hawatozi ada ya kurudisha hela kwenye laini ya mtu. Kata simu, na namba hiyo nayo uipeleke 15040.